Kuona Bila Kuonekana

Jumatatu, 4 Machi

Nimeumbuka. Na aliyeniumbua ni dirisha.

Saa moja asubuhi nilikuwa nakula wali wa jana. Nimesimama katikati ya sebule, taulo kiunoni, sufuria mkononi. Kwangu mwenyewe! Saa moja na robo simu ikalia. Mke wangu. Yuko kwa mama yake, mwendo wa saa saba kwa basi, lakini alitaka kujua kwa nini nakula kwenye sufuria wakati sahani zipo. Na kama lile taulo si la wageni.

Ni la wageni.

Aliyemwambia namjua. Jirani wa ghorofa ya kwanza, tunamwita Mama Habari, shoga yake mke wangu wa kufa na kuzikana. Alikuwa anapita kwenda kununua maziwa. Hupita mara nne kwa siku kwenda kununua maziwa. Hakuna ndama anayekunywa hivyo.

Niandike yote, ili siku moja nikisoma nijue nilionewa. Tuliishi ghorofa ya tatu ya jengo hili hili miaka kumi na tisa. Barazani kwetu uliona reli, mnara wa maji na kituo chote cha basi. Kisha magoti ya mke wangu yakagoma kupanda ngazi. Mimi ni fundi wa lifti. Nimepandisha na kushusha nusu ya mji huu kwa miaka ishirini na sita, na jengo letu halina lifti. Nyumba ya chini ilipopatikana tukahama. Yeye akafurahi. Mimi nikalalamika. Wiki tatu mfululizo nililalamika: vumbi, watu wanachungulia, naona viatu na matumbo tu. Siku mama mkwe alipoteleza akavunjika nyonga, mke wangu alifunga begi akasema anakwenda kumuuguza, na huko angalau hakuna mtu anayelinunia dirisha.

Huu ni mwezi wa tatu tangu aondoke.

Nimeamua. Akirudi, aikute nyumba ya chini imekuwa pepo. Nione nje, nisionekane ndani. Na siku atakayoshuka pale kituoni, wa kwanza kumwona niwe mimi. Si Mama Habari. Wala si Karani mstaafu, aliyehamia nyumba yetu ya juu na sasa anakunywa chai kwenye baraza letu kama baba yake ndiye aliyelijenga.

Mapazia tunayo, mazito, ya kahawia. Yakifungwa, giza la lifti iliyokwama. Yakifunguliwa, mimi ni bidhaa dukani. Lazima kuna njia ya katikati. Akili ni nywele, na zangu bado zipo. Chache.

Jumanne, 5 Machi

Njia imepatikana! Magazeti!

Nimeamka mapema, nimekoroga gundi ya unga, nimebandika magazeti ya zamani kwenye kioo chote. Katikati nimeacha tundu la ukubwa wa kifungo cha koti. Naweka jicho, naona kituo. Nje hawaoni kitu. Rahisi hivyo! Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Nimerudi saa kumi. Watu tisa mbele ya dirisha langu. Wanasoma.

Niliwaomba watawanyike. Mzee mmoja mwenye mkongojo akasema amalizie kwanza, amefika patamu. Nikaingia ndani, nikakaa kimya wachoke. Kioo kikagongwa. Yule mzee akauliza kama sehemu ya pili ya habari iko ndani, maana imeandikwa inaendelea ukurasa wa sita. Nikamwambia huo ukurasa umefungiwa vitunguu. Akasema basi nimsimulie.

Nilimsimulia. Ningefanyaje?

Saa kumi na moja nikaweka jicho kwenye tundu kuangalia basi la jioni. Upande wa pili kulikuwa na jicho lingine. Mama Habari. Alipiga ukelele uliosikika mpaka relini.

Simu baada ya dakika nne.

“Baba watoto, unafanya nini huko?”

“Sifanyi kitu.”

“Mbona naambiwa jicho lako limetokea kwenye ukurasa wa michezo?”

Nilisema kuna makosa ya uchapaji. Hakucheka. Au labda alicheka na kufunika simu, sikusikia vizuri. Zamani alipocheka nilisikia mpaka jikoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimebandua magazeti. Gundi ya unga haibanduki. Imebaki robo ya habari ya kufunga choo kwa watoto wachanga, usawa wa macho ya wapita njia. Nimeigeuzia mgongo.

Nimekutana na Karani ngazini. Amevaa pajama za mistari saa nane mchana. Akaniambia, kwa upole wa kukera, kwamba nisijisumbue. Yeye kule juu anaona kila anayeshuka basi. Shemeji akifika tu, atanipigia kelele kutoka barazani.

Nikamwambia ahsante, mke wangu nitamwona mwenyewe.

Akasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini inategemea macho yako ghorofa ya ngapi.

Sitamjibu. Nimeandika majibu manne nyuma ya risiti, yote mazuri, lakini sitamjibu.

Ijumaa, 8 Machi

Mimea! Nimekuwa mjinga kiasi gani! Watu wenye heshima zao hawabandiki magazeti, wanapanda mimea.

Nimempata muuza miche kando ya reli. Nikamweleza nataka kitu kirefu, chenye majani mengi, yawe na nafasi katikati nipate kuona nje. Hakusita. Akanitolea miche minane kwenye makopo, mirefu kufika kifuani, majani kama vidole vya mkono. Akasema hii hata ukiisahau haifi. Nimeipanga yote nje ya dirisha. Nimekaa ndani na kikombe. Kivuli kizuri, upepo unapita, kituo nakiona vipande vipande kati ya majani. Mtu wa nje anaona majani tu.

Saa nzima hakuna aliyenitazama. Nimeona basi la saa sita. Wameshuka mwanamke mwenye mwavuli, wanaume watatu, na mwanamke mwingine mfupi mwenye begi la bluu. Moyo ukaruka. Hakuwa yeye. Hata hakufanana naye. Begi tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetoka kazini saa tisa, lifti ya hospitali ilikuwa inasimama nusu ghorofa. Nimefika, nimekuta vijiti vinane. Vitupu. Hakuna jani hata moja. Nyuma ya vijiti, sebule yangu, mithili ya jukwaa.

Nikaanza kupiga kelele wezi, wezi. Mama Habari akashuka na bakuli limefunikwa sahani. Akanishukuru mbele za watu. Akasema hakutegemea, mwanamume anayeishi peke yake, kupanda mihogo ili majirani wachume kisamvu! Ametwanga, amepika, ameleta na sehemu yangu. Nusu ya jengo wamekula. Karani ameongeza mara mbili.

Nilipokea. Aibu ya kukataa ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kupokea. Kimeiva vizuri, nisiseme uongo.

Nimekula pazia langu.

Jumapili, 10 Machi

Leo sina mbinu. Nimekaa.

Mke wangu amepiga asubuhi. Mama mkwe ametembea kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, bila fimbo. Nikasema hongera. Akasema dada yake amehamia pale, kwa hiyo kazi si nyingi tena. Nikasema vizuri. Akasema kwa hiyo kazi si nyingi tena. Nikauliza mvua huko vipi.

Akasema mvua ipo.

Nilitaka kumwuliza unarudi lini. Lilikuwa pale pale ulimini. Lakini mtu aliyelalamika wiki tatu hawezi kuuliza hivyo kabla hajarekebisha kitu. Atauliza kwa uso gani? Dirisha kwanza.

Mchana nikakumbuka kule juu. Mke wangu alikuwa akiegemea vyuma vya baraza, mimi nimekaa nyuma yake, na yeye ndiye ananiambia. Yule ndiye mwenye duka la viatu, amenenepa. Wale wamegombana, tazama wanavyotembea. Basi la saa tano limechelewa, dereva ni yule mpya. Miaka kumi na tisa nilidhani natazama nje. Nikijaribu kukumbuka ule mnara wa maji leo, nauona umezibwa na bega lake la kushoto.

Ajabu jinsi mtu anavyoweza kuukosa mnara wa maji.

Jumatatu, 11 Machi

Ufunuo umenijia kazini!

Nilikuwa jengo la ofisi lile la ghorofa sita, kamba ya lifti imeanza kuchanika nyuzi. Nikapita mbele ya kibanda cha mlinzi. Kioo cheusi. Nikajitazama, nikafinya chunusi, nikavuta tumbo ndani. Sauti ikatoka kwenye kioo ikiniambia fundi, ngazi za chini huko.

Alikuwa ndani! Ananiona mwanzo mwisho! Na mimi najiona mimi!

Nikamwuliza ile ni nini. Akasema ni karatasi tu, wanabandika wale mafundi wa vioo vya magari. Kesho naomba ruhusa. Nitasema kichwa.

Jumanne, 12 Machi

Niandike kwa herufi kubwa: NIMESHINDA.

Fundi wa vioo alikuja saa tatu, akakwangua ile habari ya kufunga choo, akapuliza maji ya sabuni, akabandika, akapiga pasi kwa ubao. Saa nzima tu. Alisema kuna jambo moja la kuzingatia kuhusu taa, lakini nilikuwa nimeshamfungulia mlango aende. Mafundi tunajuana. Tunapenda maneno.

Nje ni kioo cha kujitazamia. Ndani naona kila kitu, rangi kidogo ya moshi. Nimesogeza kiti mpaka karibu magoti yaguse ukuta. Kituo chote nakiona! Na watu hawajui nipo!

Walikuja wenyewe. Msichana akachomoa ubua wa mchicha kwenye jino, inchi mbili kutoka pua yangu. Kinyozi wa pale kona ameanza kuwaleta wateja waone kichogo, anawashikia kioo kingine nyuma. Mama Habari alijitazama, akanyamaza, akajishika shingo ilipolegea. Akasimama muda mrefu. Nilitazama pembeni. Sikujua kwamba Mama Habari hunyamaza.

Karani naye akaja na pajama zake. Akajichana. Akajiambia wewe mzee, hata leo hakuna aliyekupigia. Akapanda ngazi.

Kuanzia saa nne mpaka jioni nimetazamwa na watu kama sitini na hakuna aliyeniona. Wala aliyenisalimu. Mtu hupita, anatazama moja kwa moja machoni mwangu, anarekebisha kola, anaondoka. Mara mbili niliitikia salamu ambayo haikutolewa.

Lakini nimeshinda.

Jumatano, 13 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Jioni, kazi imeisha, nimeoga. Nikaona sasa dirisha liko tayari, kilichobaki ni maneno. Mimi na maneno hatuelewani, lazima nifanye mazoezi. Nikachukua kiti cha mke wangu, nikakivisha mtandio wake wa njano uliobaki nyuma ya mlango. Nikawasha taa. Nikafunga tai. Nikasimama mbele ya kiti.

Nilianza vibaya. Nikarudia. Nikapiga goti moja, likalia. Nilikiambia kile kiti mambo ambayo sitayaandika humu. Mwisho nilikishika mtandio nikakiomba.

Ndipo nikasikia makofi.

Taa! Mungu wangu, ile habari ya taa! Mchana nje kuna mwanga, ndani kiza, kwa hiyo wa ndani anaona. Jua likizama, ukiwasha taa, kila kitu kinageuka. Mimi niliona kioo cheusi na sura yangu yenye tai. Wao waliona vyote. Kituo kizima. Basi la saa moja lilikuwa limesimama na dereva amezima injini asikie. Karani alishuka ghorofa tatu kwa miguu. Yule mzee wa mkongojo alikuwa mstari wa mbele, na hakuuliza ukurasa wa sita, maana aliiona habari yote.

Nilizima taa nikakaa sakafuni.

Simu. Niliiacha ilie mara mbili.

Hakusalimu. Nikasikia kuku wa mama mkwe.

“Ulikuwa unakiambia nini kiti?”

“Hakuna.”

“Mama Habari anasema umekiambia kisiondoke tena.”

Nikakohoa.

“Anasema umekiambia hata kama ni shimoni utaishi nacho, bora kiwepo. Kweli?”

Nikalegeza tai.

“Miezi mitatu napiga simu, wewe unaniuliza mvua. Kwa nini kiti unakiambia, mimi hunambii?”

Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angesema. Mimi nilimweleza kwamba tatizo ni la kitaalamu, mwanga wa ndani ukizidi wa nje karatasi inafanya kazi kinyume, na kwamba fundi hakunieleza vya kutosha.

Akakata.

Ijumaa, 15 Machi

Sikwenda kazini jana wala leo. Kichwa. Safari hii cha kweli. Nimekaa kwenye kiti, taa imezimwa, naangalia kituo kwa mazoea. Nimehesabu mabasi bila kutazama wanaoshuka.

Kwa hiyo sikumwona akishuka. Niseme ukweli. Nilikuwa nimeinama natoa uzi kwenye soksi. Nilipoinua kichwa, alikuwa kwenye kioo.

Mke wangu. Si mbali, si kituoni. Pale, kiasi cha mkono. Aliona kioo akakitumia kama wengine wote. Akaweka begi chini. Amekonda mashavu. Akajifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, akaufungua, akaufunga upya, hakuupenda, akaufungua tena. Akajipaka mafuta midomoni. Kisha akajaribu tabasamu. Akalikataa. Akajaribu uso wa ukali, nao akaukataa. Kipande cha juu cha dirisha kilikuwa wazi kidogo, nikamsikia.

Akasema, “Nimerudi.” Akatikisa kichwa. Akasema, “Nimerudi, na sitaki maneno.” Akatikisa tena. Akasema polepole, “Nimechoka kukaa mbali.” Hilo hakulitikisia kichwa. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo akafumba macho.

Mimi nilikuwa nimeweka kiganja pale pale, kwa ndani. Kioo kilikuwa na joto. Sijui la jua au lake.

Ningepaswa kusema kitu. Najua. Lakini miezi mitatu nilitaka kuona, na sasa nilikuwa naona.

Sauti ikateremka kutoka ghorofa ya tatu. Karani, amening'inia barazani nusu nzima.

“Shemeji! Anakuona! Mchana, wa ndani ndiye anayeona!”

Akafumbua macho. Akaweka mikono pembeni ya uso, akasogea mpaka pua ikabonyea kwenye kioo.

“Umo humo?”

“Nimo.”

“Tangu lini?”

“Tangu mtandio wa kwanza.”

Akaliangalia begi. Nikadhani atachukua begi arudi kituoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua ni kilio au kicheko mpaka kiliposikika. Kilisikika mpaka jikoni. Nadhani kilisikika mpaka relini.

“Fungua mlango, mwanamume wewe.”

Nikafungua. Hotuba yote ikapotea, nimeiacha kwenye kiti. Nikamwuliza magoti yake hayajambo. Akasema yananisalimu.

Ndiyo, niliacha mlango wazi. Ndiyo, Mama Habari alipita kwenda kununua maziwa. Apite.

Jumamosi, 16 Machi

Amebandua karatasi kwa maji moto na kisu cha kupakia siagi. Amekata shuka jepesi jeupe, ametundika kwenye uzi, misumari miwili, limefunika nusu ya chini tu ya dirisha. Juu wazi. Kisha akasogeza kiti kando kidogo, kikaelekea dirisha kwa ubavu. Akaniambia nikae.

Nikakaa. Kituo naona, juu ya shuka, kwa upande. Akatoka nje akatazama. Akasema haoni hata unywele, zikiwemo chache zangu.

Dakika kumi na mbili. Nilihesabu kwa saa.

Nikamwambia nilikuwa njiani kufikia wazo hilo hilo. Akasema anajua. Jioni tumekaa wote wawili, yeye mbele. Akaniambia yule dereva mpya naye sasa anachelewa kama wa zamani. Nikamwambia nimefurahi amerudi. Nimelisema lote, bila kukohoa. Akasema kiti kiliambiwa vizuri zaidi, lakini anapokea.

Jumatatu, 18 Machi

Likizo ya siku moja. Mke wangu amekwenda sokoni. Amesema nusu saa. Dakika ya kumi nilikuwa nimeshamkosa.

Shuka lake ni zuri, sisemi kitu. Ila kutoka kwenye kiti huoni mpaka kona ya kinyozi, na sokoni ni huko. Atakuja mpaka nusu ya njia bila mimi kumwona! Kosa dogo tu, la vipimo. Yeye si fundi.

Nimepata matofali nyuma ya jengo. Nimeweka mawili chini ya kila mguu wa kiti. Sasa nimekaa juu, naona kona, naona soko lenyewe kwa mbali. Raha tupu! Mwili nje ya macho ya watu, macho yangu mpaka mwisho wa barabara.

Jambo la kushangaza. Kinyozi amepita akanipungia mkono. Karani amenisalimu kutoka chini, akauliza mbona nimekalia kiti cha enzi. Mama Habari amesimama na chupa ya maziwa akanisifia fulana, akasema tundu la kwapani halionekani sana. Na sasa hivi simu imelia, mke wangu, bado yuko sokoni, anauliza nimepanda juu ya nini.

Nimetafakari. Jibu ni moja tu: lile shuka limefupika lilipofuliwa.

Naongeza tofali la tatu.